Usimwambie Mgeni "Haumi Huyu": Mbwa Wetu, Mama Yangu na Siku 40 za Uzazi

Jamani, kuna sentensi moja nimeisikia karibu kila nyumba yenye mbwa hapa Dar: "Pita tu, haumi huyu." Mgeni kasimama getini, pochi kaikumbatia kifuani, macho yamemtoka, na mbwa yuko mbele yake anabweka mpaka mate yanaruka. Mwenye nyumba yuko barazani na kikombe chake cha chai, anacheka. "We pita bwana, anakutania tu huyo." Hivi mdau, wewe ungepita?

Mimi nina mbwa na ninampenda, kwa hiyo msinione adui wa mbwa. Ila nikisema mgeni anayeogopa ana haki ya kuogopa, najua ninachosema. Mgeni wangu aliyekuwa anaogopa alikuwa mama yangu mzazi, na safari aliyokuwa anaiogopa ilikuwa ya kuja kunitunza baada ya kujifungua mtoto wangu wa kwanza.

Tunaishi Goba, kwenye ile mitaa ambayo nyumba zinaota kila wiki lakini taa za barabarani hakuna. Mwaka tuliohamia, wezi waliruka ukuta mara mbili. Mara ya kwanza wakabeba pampu ya maji. Ya pili wakabeba mtungi wa gesi na nguo zote zilizokuwa kwenye kamba, mpaka doti zangu za kanga. Mume wangu akasema basi, analeta mbwa. Yeye kakulia Kilosa, shambani, na kwao mbwa ni kama jembe. Bila mbwa, ngedere na nguruwe pori wanavuna kabla yako. Akarudi na kitoto cha mbwa ndani ya boksi, mama yake koko, baba yake inasemekana ni yale majibwa marefu ya walinzi. Mume wangu ni Yanga wa damu, kwa hiyo jina la Simba halikujadiliwa kabisa. Akaitwa Tomi.

Mwaka mmoja baadaye Tomi alikuwa na miguu ya ndama na sauti ya injini ya lori. Wezi wakatusahau. Tatizo ni kwamba na wageni nao wakaanza kutusahau.

Na hapa nieleweke. Tomi hakuwa mkali, alikuwa na furaha iliyopitiliza. Geti likilia tu, anatoka mbio kama mpira wa adhabu, anaruka, miguu ya mbele yote miwili kifuani kwa mtu. Rafiki yangu mmoja alikuja na jinzi nyeupe, akaondoka na jinzi yenye ramani. Dogo wa bodaboda alikuwa anatutupia chipsi kwa juu ya ukuta. Mjumbe wa mtaa alipita kuandikisha watu, akatuhoji akiwa amesimama barabarani, anapaza sauti, mtaa mzima ukajua tuko wangapi na nani ana kazi gani.

Hayo yote tuliyacheka. Kilichotunyamazisha ni simu ya mama.

Nilikuwa na mimba ya miezi 7. Akapiga kutoka Tanga, nikamwamkia, akaitikia, akauliza habari za tumbo, halafu akanyamaza. Mama yangu akinyamaza ujue kuna jambo.

"Mwanangu, yule mbwa bado yupo?"

"Yupo, mama."

"Basi mimi hapo siji. Nakuja vipi, na mimi mtu wa swala tano? Anirukie, anipake mate, nguo zote za kutoharisha, hiyo swala naisali saa ngapi? Na mtoto mchanga yumo humo humo. Nyie zungumzeni na mwenzio, mchague."

Kwa msiokulia pwani niwaeleze kidogo, maana wengine mnadhani ni visingizio vya wazee. Waislamu wengi wa pwani yetu ni wa madhehebu ya Shafii, na kwa Shafii mate ya mbwa ni najisi nzito. Kilichoguswa kinaoshwa mara 7, na moja kati ya hizo ni kwa udongo. Sasa mfikirie mama wa miaka sitini na kitu, ameshatia udhu, kanga yake safi, anarukiwa dakika mbili kabla ya magharibi. Kwake yeye mbwa anayeruka anampa kazi ya usiku mzima na anamharibia ibada.

Lakini dini hiyo hiyo inaruhusu mbwa wa ulinzi, wa mifugo na wa kuwinda, na mama analijua hilo kuliko mimi. Nilipomsikiliza vizuri nikagundua hakuwahi kusema tumtoe Tomi. Alichokuwa anakataa ni Tomi kumfikia mwilini. Hayo ni mambo mawili tofauti kabisa, na katikati yake ndipo tulipopata pa kuanzia.

Na chini ya dini kulikuwa na kitu kingine ambacho mama alinisimulia siku hiyo kwa mara ya kwanza. Akiwa msichana mdogo huko Muheza, mtoto wa jirani yao aling'atwa na mbwa mwenye kichaa. Kidonda kilikuwa kidogo tu, kikapona. Wiki kadhaa baadaye mtoto akaanza kuogopa maji, kikombe kikiletwa anatetemeka. Hakupona. "Mimi nilimuona," mama akasema. "We unaniambia haumi. Na yule walisema haumi."

Nyie, sikuwa na jibu la kumpa.

Na wala hadithi yake si ya zamani iliyokwisha. Shirika la Afya Duniani linakadiria kichaa cha mbwa kinaua watu kama 59,000 kwa mwaka duniani, wengi wao Afrika na Asia, na karibu wote wameupata kwa mbwa. Watoto ni sehemu kubwa yao. Dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona. Lakini kabla ya dalili unazuilika: aking'atwa mtu, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 nzima, halafu moja kwa moja hospitali kwa chanjo, usisubiri kuona kama mbwa atakufa, na usipake pilipili wala mafuta ya taa kama wanavyoshauri mtaani. Na mbwa mwenyewe anachanjwa akifikisha miezi 3, kisha kila mwaka.

Tomi alikuwa na chanjo zote. Nikapiga picha cheti chake, nikamtumia mama kwa WhatsApp. Akajibu kwa sauti, sekunde nne tu: "Cheti nimekiona. Sasa mfundisheni adabu."

Hapo kila mtu mtaani akawa mtaalamu. Mmoja akasema mpigeni fimbo kila anaporuka. Mwingine akasema mfungieni bandani hizo siku 40, kwisha kazi. Mume wangu akakataa yote mawili. Mbwa anayepigwa mgeni akija, anajifunza kwamba mgeni ndiye mkosi wenyewe, na siku moja atamaliza naye. Anayefungiwa mchana kutwa anabweka mchana kutwa, na akifunguliwa ana nguvu za wiki nzima mwilini. Na uzazi mnaujua, wageni hawaji siku moja. Wanakuja asubuhi, wanakuja jioni, wanakuja na wenzao.

Tulikuwa na wiki 7.

Kwanza tujue kwa nini mbwa anaruka. Mbwa wakikutana wanasalimiana usoni. Sasa uso wa binadamu uko juu, kwa hiyo anaufuata huko huko. Akiruka, kinatokea nini? Watu wanamtazama, wanamsukuma kwa mikono, wanapiga kelele "Tomi! Shuka! We Tomi!" Kwetu huo ni ukali. Kwake hiyo ni ngoma, na ni yeye anayechezewa. Kapata macho, kapata mikono, kapata sauti, vyote alivyokuwa anavitaka. Kesho ataruka juu zaidi. Mbwa anarudia kile kinachomlipa, basi. Kwa hiyo dawa ni kumlipa kwa kitu kingine ambacho hawezi kukifanya huku anaruka.

Kitu chenyewe kwetu kilikuwa gunia. Gunia tupu la mkaa, tukalifua, tukalitandika chini ya mwembe, upande wa pili wa geti, mita kama nane kutoka njia ya wageni. Siku tatu za kwanza hatukufundisha chochote zaidi ya hiki: Tomi akikanyaga gunia, anapata kipande cha firigisi iliyochemshwa. Akitoka, hapati kitu wala hagombezwi. Siku ya nne alikuwa anahamia pale mwenyewe na kututazama kama mtu anayesubiri mshahara. Hapo ndipo tukaweka neno. Kabla hajakanyaga tunasema "Gunia!", akifika analipwa. Dakika tano asubuhi, dakika tano jioni. Ukizidisha anachoka, na wewe unakasirika.

Halafu tukaleta hodi. Mnamkumbuka yule Mrusi wa kwenye vitabu vya shule, Ivan Pavlov, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa utafiti wa mmeng'enyo wa chakula? Mbwa wake walizoea kwamba mlio fulani ukisikika, chakula kinafuata, mpaka wakawa wanatoa mate kwa mlio tu. Sisi tulitaka neno "hodi", ambalo kwa Tomi lilikuwa filimbi ya kuanza vurugu, liwe habari ya firigisi guniani.

Hatukuweza kumsumbua mama kwa mazoezi, kwa hiyo tukakodi wageni. Watoto watatu wa jirani, malipo ubuyu. Wanatoka nje ya geti, mmoja anaita "Hodiii!", mume wangu anasema "Gunia!", Tomi akifika analipwa, geti linafunguka kidogo. Akiinuka, geti linafungwa, taratibu, bila kelele. Akirudi guniani, linafunguka tena. Yaani Tomi mwenyewe ndiye aliyekuwa anafungua geti kwa tako lake kukaa chini. Siku ya kwanza geti halikufunguka zaidi ya kiganja. Wiki ya pili watoto wanaingia mpaka barazani, Tomi kakaa, anatetemeka mwili mzima kwa hamu kama friji bovu, lakini kakaa.

Na kila siku kabla jua halijachoza, mume wangu anamtembeza dakika 40 kwa kamba. Hii watu wanaidharau, lakini mbwa aliyechoka ana adabu ambayo hujamfundisha.

Wiki ya tatu fundi wa madirisha akaja bila kupiga simu na akasukuma geti mwenyewe. Tomi alikuwa huru, mkufunzi wake yuko kazini. Fundi tulimkuta juu ya mnara wa tenki la maji, futi ya kupimia kaishika kama upanga. Tomi chini anatingisha mkia. Jioni ile ile geti likawekewa komeo la ndani na kengele nje. Na ule ubao wa MBWA MKALI ambao nusu ya Dar wanao, tukauchora upya: "Kuna mbwa. Bonyeza kengele, subiri ufunguliwe." Ukiandika mbwa mkali umemtisha mtu, lakini hujamwambia afanye nini.

Kitu kingine ni kusoma mwili wa mbwa. Watu wanaamini mkia ukitikisika basi mambo mazuri. Si kila mara. Mbwa mwenye raha mwili wake wote ni laini, kiuno kinakata. Ukiona mkia uko juu, mgumu, unatikisika kwa haraka kidogo kidogo, mwili umekakamaa, masikio yamelala, anajilamba midomo wakati hakuna chakula, huyo ana wasiwasi, mpe nafasi. Na akikoroma kwa hasira usimpige. Kukoroma ni "niacheni" ya mbwa. Ukimfundisha asiseme, ipo siku atang'ata bila kusema.

Kwa wageni wa kweli tulikuwa tunatuma ujumbe kabla: "Karibuni sana. Tuna mbwa, atakuwa amefungwa kamba chini ya mwembe. Msimuite, msimkimbie, msimkodolee macho, piteni tu kama hayupo." Mtashangaa. Watu ambao walikuwa na miezi hawajafika wakaanza kuuliza, "Jumamosi mpo?" Walichokuwa wanakitaka ni kujua tu kwamba mwenyeji amewafikiria.

Mama akaja mwezi wa mwisho, kwa basi la asubuhi. Mume wangu akampokea Mbezi na mabegi manne, mawili ya nguo, mawili ya madafu na samaki wa kukaanga. Getini akasimama. Akapiga hodi mwenyewe, kwa sauti ile ya mtu anayejaribu kitu. Tomi akabweka mara mbili, akageuka, akaenda guniani, akakaa. Kamba yake ikafungwa kwenye mwembe.

Mama akamtazama muda mrefu. Mi niko mlangoni na tumbo langu, moyo unanienda mbio kuliko wa mbwa.

"Hiyo kamba ni mpya?"

"Mpya, mama."

"Haya. Bismillah." Akapita.

Hakusifu, na hatukutegemea asifu. Jioni akatoa masharti yake. Tomi asivuke ngazi ya baraza. Nguo za mama na za mtoto zianikwe nyuma, upande ambao mbwa hafiki. Ndoo yake ya udhu iwe ndani. Asubuhi anapotoka kumwaga maji, mbwa awe amefungwa. Mume wangu akajibu "sawa mama" mara nne, na akatekeleza yote manne. Usiku mama akishalala, Tomi anafunguliwa, kazi yake inaanza.

Mtoto akaja salama. Ni wa kiume. Na kwenye hili sina utani: Tomi hakuwahi kuachwa na mtoto peke yake, hata sekunde ya kwenda kuzima jiko. Mbwa mpole ni mbwa bado, na mtoto mchanga hajui kujikinga.

Wiki ya pili wageni wakafurika. Mashangazi, wenzangu wa kazini, majirani, kina mama wa kikoba na mabakuli ya uji wa pilipili manga. Siku hiyo mume wangu kazini, mimi nimelala chumbani na mtoto kifuani, dada wa kazi yuko dukani. Nikasikia getini, "Hodi wenyewe!" Nikataka kuinuka. Kabla sijakaa vizuri nikasikia sauti ya mama kutoka jikoni, kali, ya Kitanga kabisa:

"Gunia!"

Kimya. Halafu kucha zinakimbia kwenye saruji, kuelekea kwenye mwembe. Mama akachungulia dirishani kuhakikisha, akaenda kumkabidhi dada aliyekuwa anarudi kazi ya kumfunga kamba, ndipo akaita, "Karibuniii!"

Nililia, jamani. Mnaweza kusema ni homoni za uzazi, sawa.

Mama hakuwahi kumgusa Tomi, na hatamgusa. Alikaa siku zote 40, akanikanda kwa maji ya moto, akanilisha, akaswali swala zake zote bila kurudia udhu kwa sababu ya mbwa hata mara moja. Kabla hajaondoka alimwambia mume wangu, "Baba, mkisafiri, huyo mlinzi mnamuachia nani chakula?" Hilo ndilo neno pekee jema alilowahi kusema juu yake, na mume wangu bado analisimulia.

Mimi sidai kila mtu afuge mbwa, wala sidai kila anayeogopa aache kuogopa. Hofu ya mtu ina historia ambayo wewe hujaiona. Mwenye mbwa ni wewe. Uliyemleta ni wewe, unayemjua ni wewe, na kamba iko mkononi kwako. Mgeni kaja na heshima yake na nguo zake safi, kakupigia hodi kama alivyofundishwa na wazazi wake. Ukimwambia "haumi" umemkabidhi yeye kazi ya kukuamini huku meno anayaona.

Kwa hiyo kama wikiendi hii una wageni, anza leo. Mtembeze mbwa asubuhi, chemsha firigisi, angalia chanjo yake ya mwisho ilikuwa lini. Na tafuta gunia. La mkaa linafaa, ila lifue kwanza, mi ya kwetu ilinimalizia sabuni kipande kizima.